Mifuko Themanini ya Juu

Saa mbili na nusu asubuhi Inspekta alikuwa amechuchumaa katikati ya ghala la mawe, kichembe cha mwamba mdomoni, anatafuna taratibu. Mtunza ghala alimtazama kutoka mezani kwake, akakohoa, akasema kama ni njaa angemwagizia chai na mkate. Inspekta alimwonyesha kiganja, subiri. Alikuwa anasikiliza meno yake.

Hila hiyo alifundishwa jana yake na mahabusu. Wanajiolojia wote hutafuna mawe, mzee yule alimwambia bila haya. Mwamba wa tope ukiutafuna ni laini kama siagi, lakini ukiwa na mchanga, hata kidogo kiasi gani, unakwaruza. Macho yanadanganyika, meno hayadanganyiki. Na mfuko huu wa kitambaa uliokuwa mbele ya Inspekta, ulioandikwa kwa wino mweusi MITA 3,140, ulikuwa laini kama siagi. Mzee aliandika miaka ishirini na miwili iliyopita kwamba kwenye kina hicho pana mchanga.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipolala, na afadhali nieleze sasa hivi kabla hatujapotezana njiani. Miaka hiyo ishirini na miwili nyuma, meli moja ilichoronga kisima mbali baharini, katika bonde kubwa la mashapo lililozikwa chini ya sakafu ya bahari. Mashapo ni tope na mchanga ambao mito imeumwaga kwa mamilioni ya miaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mwamba. Mzee ndiye aliyekuwa mwanajiolojia wa meli. Kila mita kumi alipokea chenga za mwamba zilizopandishwa na tope la kuchorongea, akaziosha, akazikausha, akazitia mfukoni na kuandika kina. Taarifa yake ilisema mita 3,140 kuna mwamba wa mchanga wenye mafuta. Meli ikaondoka, wakubwa wakashikwa na mambo mengine, jambo likalala.

Mwaka huu likaamka. Wizara ilitaka kuamua kama bonde lichorongwe tena au liachwe kabisa, na maabara ikaagizwa kupima mifuko upya. Maabara ikakuta tope tupu, kavu, halina mchanga wala harufu ya mafuta. Mkuu wa maabara akaandika kwamba mzee alidanganya serikali. Halafu akapekua kitabu cha wageni cha ghala, akakuta mwezi uliopita mzee, mstaafu asiye na kazi yoyote hapo, aliingia na kukaa dakika ishirini. Kwenye safu ya sababu ya kuja alikuwa ameandika maneno matatu: Kuona mawe yangu. Mkuu aliyazungushia wino mwekundu. Mtu anayekuja kuona mawe, alisema, ni mtu anayekuja kuyachezea.

Kwa hiyo mzee wa miaka sabini na mmoja alilala rumande kwa makosa mawili, kughushi taarifa na kuharibu vielelezo. Saa kumi kamili jioni jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na kesho asubuhi mzee angepanda kizimbani mbele ya wajukuu zake. Kazi ya Inspekta ilikuwa kulifunga jalada hilo tu. Bahati mbaya kwa waliompa, wenzake kituoni walimwita Kupe, kwa sababu akishashika ngozi hang'oki mpaka ashibe, na mpaka asubuhi hiyo alikuwa hajashiba.

Kilichomkera ni jinsi mzee alivyojitetea. Hakulia wala hakutaja mawakili. Alisema tu, "Hayo si mawe yangu, mwanangu."

"Umeyajuaje, baba? Mawe ni mawe."

"Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Asubuhi wakikuletea wa jirani, utamvalisha sare umpeleke shule?"

Inspekta alicheka bila kupenda. Mzee akamweleza kwamba siku ile aliomba sanduku moja tu, lile lenye mita 3,140, akatafuna chembe moja, akajua. Hakugusa lingine. Alitoka moja kwa moja kwenda kwa mkuu wa maabara kumwambia kwamba kuna mtu amebadilisha mawe. Alimwendea yeye kwanza kwa heshima, maana mkuu huyo alikuwa kijana wake kazini zamani, na yeye ndiye aliyemfundisha kutafuna. Siku mbili baadaye polisi wakabisha hodi.

Aliongeza somo dogo, kwa kuwa wazee wa namna ile hawawezi kukaa na mtu bila kumfundisha. Mafuta yanataka vitu vitatu, alisema. Mwamba mweusi ulio chini ndio jiko, unaoivisha mafuta. Mwamba wa mchanga ndio sufuria inayoyapokea. Udongo mgumu juu yake ndio mfuniko. Mkuu wa maabara alipata udaktari wake kwa kitabu kinene kinachosema kwamba katika bonde lile jiko halijawahi kuwaka. Mita 3,140 inasema liliwaka. Kimoja kati ya hivyo viwili ni uongo.

Sasa, ghalani, Inspekta alitema vumbi kwenye kitambaa na kuuinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mweupe kama shuka ya hospitali, kitambaa kipya kabisa. Moyo ulimruka. Mfuko wa miaka ishirini na miwili unakuwaje mweupe hivi?

Mtunza ghala aliuzima moto huo mara moja. Mifuko yote ilibadilishwa mwaka jana, alisema, kwa sababu ya zamani ililiwa na unyevu na ukungu. Alishona mipya mwenyewe, kwa cherehani ile pale chini ya meza, mia tatu na sitini kwa ajili ya kisima cha baharini na mia tatu na sitini kwa kisima cha bara. Mia saba na ishirini, mpaka sindano mbili zikavunjika. Alipomaliza, mkuu akampa likizo ya wiki tatu, akajifungia ghalani kuhamisha mawe mwenyewe. Mkuu hapendi kusaidiwa. Wafanyakazi walimwita Bwana Nadhifu, na kwa kweli hata kalamu zake zililala kwa mstari. Mifuko ya zamani aliichoma moto kwa ajili ya ukungu.

"Na tangu siku hiyo mimi sina pa kuweka cherehani yangu," mama yule alilalamika. "Nilikuwa naiweka pale, mwisho wa rafu. Niliporudi nikakuta pamejaa. Kila siku naipiga teke, kidole hiki hakina kucha."

Inspekta aliandika habari ya mifuko mipya na kuikata kwa mstari. Habari ya kucha hakuiandika.

* * *

Saa nne alikuwa nyuma ya nyumba moja yenye geti la kijani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake fundi aliyeendesha mtambo wa kuchoronga wa meli ile alikuwa anafungua pampu ya maji ya jirani. Alistaafu akiwa na vidole vinane na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

Inspekta alimuuliza kwanza kama yeye na mzee ni marafiki, kwa sababu ushahidi wa rafiki haufiki mbali. Fundi alicheka mpaka akaangusha spana. Rafiki wapi. Walikuwa wakigombana zamu hadi zamu, maana yeye alitaka kuchoronga na mzee alitaka kusimama. Kila akiona chenga zimebadilika rangi, mzee anapaza sauti, simamisha mtambo. Mara moja alimsimamisha saa sita nzima kwa ajili ya konokono mmoja wa kale asiyeonekana kwa macho. Mtu wa namna hiyo unaweza kutamani kumtupa baharini, fundi alisema, lakini adanganye kuhusu jiwe? Afadhali adanganye kuhusu umri wa mama yake.

Na mita 3,140?

"Nilinusa mwenyewe. Harufu ya taa ya chemli. Wote tulinusa, mpaka mpishi."

Inspekta aliandika, lakini alijua pua ya miaka ishirini na miwili haisimami mahakamani. Saa yake ilisema saa nne na robo. Saa kumi ya jalada ilikuwa inakaribia. Akafanya alichozoea kufanya kila akikwama, akamwomba shahidi asimulie tena tangu mwanzo kabisa, kama mtu asiyejua kitu.

Mwanzo hauna hadithi, fundi alisema huku akipuliza vumbi kwenye pampu. Meli inasimama, unashusha mabomba mpaka sakafu ya bahari, unaanza kutoboa. Mita mia nane za kwanza hazina mwenyewe.

"Hazina mwenyewe kivipi?"

"Bomba kubwa la kurudisha tope melini bado halijafungwa. Hulifungi mpaka ufike kwenye mwamba mgumu wa kulishikilia. Kwa hiyo unatoboa, na chenga zote zinamwagika palepale sakafuni mwa bahari. Hazipandi. Anayezitaka akawaulize samaki."

Inspekta aliacha kuandika.

"Rudia hapo, baba yangu. Polepole."

Fundi alirudia. Akaona uso wa mgeni umebadilika, naye akaacha pampu, akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada la plastiki na alama za vidole vya grisi. Lilikuwa daftari lake la zamu. Aligeuza kurasa kwa vidole vyake vinane, akagonga mstari mmoja. Bomba la kurudishia limefungwa, mita 800. Chenga za kwanza zimepokewa, mita 810.

"Kwa hiyo mfuko wa mita kumi, wa kisima kile..."

"Haupo. Haujawahi kuwepo."

"Wa mita mia tano?"

"Mwanangu, nimeshakwambia. Samaki."

Bara ni mambo mengine, fundi aliendelea, sasa akifurahia somo lake. Bara unatoboa ukiwa umesimama juu ya ardhi, na chenga zinakuja miguuni mwako tangu mita ya kwanza. Ndiyo maana watu wa bara hawalijui jambo hili wala hawalifikirii. Yule bwana msafi wa maabara, kwa mfano, maisha yake yote alifanya kazi bara. Walimleta melini mara moja tu. Alitapika kwenye ngazi na kurudi na helikopta ileile iliyomleta.

Inspekta alikuwa ameshasimama. Alimshika fundi mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili, akaomba daftari, akaandika stakabadhi yake mbiombio, akasahau kalamu juu ya ndoo. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa msichana wa shule aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Sioni aibu kulisema, hata angekanusha yeye mwenyewe.

* * *

Alirudi ghalani karibu anakimbia. Alikwenda kwenye rafu ya kisima cha baharini na kuvuta sanduku la kwanza. Mifuko kumi myeupe, imepangwa kama askari. MITA 10. MITA 20. MITA 30. Sanduku la pili, la tatu, mpaka la nane, lililoishia MITA 800. Mifuko themanini ya chenga ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzipokea, imeandikwa vizuri kwa wino mweusi.

"Cherehani yako," alimwambia mtunza ghala. "Nionyeshe ilipokaa."

Mama alimwonyesha. Mwisho wa rafu ileile. Inspekta akapima kwa shubiri nafasi aliyoonyeshwa, akapima masanduku manane. Yalitoshana.

"Kabla ya mwaka jana yalikuwa mangapi hapa?"

Mama alifumba macho akihesabu. Kitabu cha mapokezi kililiwa na mchwa kabla hata hajaajiriwa, alisema, lakini yeye alifuta vumbi la rafu hiyo kila Jumatatu kwa miaka kumi na saba. Mstari wa juu kumi na manne, wa chini kumi na manne, halafu cherehani. Ishirini na manane. Alifumbua macho na kutazama masanduku thelathini na sita.

"Ala! Manane yametoka wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Inspekta alikaa chini sakafuni na kufikiri kwa sauti, mama akimsikiliza. Mtu alikuta mifuko ya kisima cha baharini inaanzia mita 810. Akadhani ni uzembe, kwamba mzee alipoteza themanini ya kwanza. Alikuwa na mawe mengine ya kuweka mahali pa yale, yenye mita zote tangu kumi, na mtu nadhifu haachi pengo. Alilijaza, na kwa kulijaza akaandika mifuko themanini isiyoweza kuwepo. Mzee, aliyekaa baharini miaka, asingefanya kosa hilo hata usingizini.

"Wanasema za mwizi arobaini," mama alisema. "Huyu kajiongezea arobaini nyingine."

Lakini kosa bila mawe ya kweli lilikuwa nusu ya kesi. Wakili mzuri angesema ni kuchanganya karatasi tu. Yako wapi yale mia mbili na themanini ya mzee? Inspekta aliomba kitabu cha getini, ambamo kila sanduku linalotoka huandikwa na mlinzi, na kukipitia mwaka mzima. Hakuna jiwe lililotoka. Nyuma ya ghala hakuna shimo wala kifusi. Kwa dakika tano alisimama mlangoni akiutazama ua, jasho linamtoka, akiona kesi inamponyoka.

Halafu akamkumbuka fundi. Mawe yenye mita zote tangu kumi ni mawe ya bara.

Ghala lilikuwa na mawe ya kisima kimoja cha bara, rafu iliyotazamana na hii, masanduku thelathini na sita. Mwizi alichukua mawe yake yote kuyaleta huku. Sasa rafu ile ilikuwa na nini ndani? Inspekta alishika sanduku la kwanza la bara na kulinyanyua. Lilikuja mikononi bila uzito, kama sanduku la viatu ambalo viatu vyake viko miguuni. La pili hivyohivyo, mpaka la nane. La tisa alilivuta, likagoma.

Hakulifungua. Vidole vilimwasha kulifungua, lakini alimwomba mama afunge mlango na asimruhusu mtu kuingia, akampigia simu mkuu wa maabara. Alimwomba kwa adabu aje kumsaidia kukamilisha jalada la yule mzee. Mkuu alisema angekuja baada ya chakula cha mchana. Inspekta akaomba pia aje na taa ya maabara, ile ya mwanga wa zambarau ambayo mafuta hung'aa chini yake, ili aweze kuandika kwamba yeye mwenyewe ameona mawe hayang'ai.

* * *

Bwana Nadhifu alifika saa nane na dakika tano, shati limenyooka, taa ndani ya kifuko chake. Alipanguza kiti kwa leso kabla ya kukaa. Inspekta alimpa karatasi za maelezo na kumwambia, kwa uchovu wa mtu anayetaka kwenda nyumbani, kwamba kuna mambo machache tu.

"Mwaka jana ni nani alihamisha mawe ya kisima cha baharini?"

"Mimi. Mfuko kwa mfuko, kwa mikono yangu."

"Hakuna aliyekusaidia?"

"Watu wanachanganya."

"Na kila mfuko mpya ulitoka kwenye mfuko wa zamani wenye kina kilekile?"

"Bila shaka."

"Hakuna uliokosekana?"

Alitabasamu. Kama mzee alifanya jambo moja zuri, alisema, ni kukusanya mfululizo mzima. Tangu mita ya kumi hadi elfu tatu na mia sita hakuna pengo hata moja. Inspekta alimwomba aliandike hilo kama alivyolisema, kwa sababu yeye na mambo ya kitaalamu ni mbingu na ardhi. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi, akaweka kalamu sambamba na ukingo wa karatasi.

"Mfuko wa mita kumi ulikuwaje? Unaukumbuka?"

"Tope la kahawia. Kawaida kwa juu."

Inspekta alifungua daftari la grisi, akaligeuza limtazame, akaweka kidole kwenye mstari. Mkuu alisoma. Akasoma tena. Aliuliza bomba la kurudishia ni kitu gani, na kabla hajajibiwa akaelewa, kwa sababu hakuwa mjinga. Mkono wake ulikwenda kwenye karatasi yenye sahihi, lakini karatasi ilikuwa imeshahamia kwa mtunza ghala.

"Umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, bosi," mama alisema kwa upole.

Alijaribu mara mbili. Kwanza, kwamba labda mzee mwenyewe ndiye aliyetengeneza mifuko ya uongo zamani hizo. Inspekta akamuuliza cherehani ilikaa wapi miaka kumi na saba. Pili, kwamba hakuna jiwe lililopotea ghalani, kitabu cha getini ni shahidi. Hapo Inspekta alikubaliana naye kabisa. Akaenda kwenye rafu ya bara, akalivuta sanduku la tano kutoka mwisho, akaliweka mezani mbele yake.

"Wewe ndiye mtaalamu. Fungua."

Hakufungua. Alikaa akiangalia mikono yake safi. Kisha akasema, si kwa Inspekta hasa, kwamba miaka thelathini amefundisha watu kwamba bonde lile ni kavu, vitabu vimeandikwa, vijana wamefaulu mitihani kwa maneno yake. Angewaambia nini?

"Ungewaambia umekosea," Inspekta alisema. "Watu hawafi kwa hilo. Kwa nini hukuyatupa?"

Mkuu alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa, kama ameulizwa kwa nini hakumtupa mtoto. Mwanajiolojia hatupi jiwe, alisema.

* * *

Saa kumi kasoro dakika ishirini gari la polisi lilimleta mzee, na pingu. Inspekta alizifungua mwenyewe getini na kumuomba radhi kwa niaba ya watu wasiojua kuomba. Mlangoni mzee alikutana na mkuu wa maabara akitolewa, askari kila upande. Wote walisimama. Mzee hakumtukana. Alimuuliza jambo moja tu.

"Ulipoyahamisha, uliyatafuna?"

Mkuu aliinamisha kichwa. Akajibu kwamba ndiyo, aliyatafuna.

"Basi ulijua," mzee alisema, na akampisha apite.

Ndani, mtunza ghala alifunga madirisha. Inspekta alifungua mfuko ulioandikwa MITA 3,140 wa kisima cha bara, akamwaga chenga kidogo kwenye kisahani cheupe, akawasha taa. Kwa nukta moja hawakuona kitu. Halafu chenga zikaanza kung'aa, moja, tatu, kisahani kizima, manjano iliyokolea kama kiini cha yai. Mama alishika mdomo. Inspekta, ambaye katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona maiti na bunduki bila kutikisika, alijikuta anacheka peke yake gizani na machozi yanamtoka. Alipiga simu kwa mwendesha mashtaka hapohapo, akamwambia asilisubiri jalada lile. Kuna jingine linakuja, na jina juu yake si lile.

Mzee hakuitazama taa. Alichukua chembe moja, akaiweka ulimini, akaing'ata. Waliusikia mkwaruzo wote watatu. Alifumba macho akitafuna, na alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

"Mwambieni mke wangu aandae maji ya kuoga," alisema. "Nanuka rumande."

Madirisha yalipofunguliwa, Inspekta aliyatia muhuri masanduku manane ya uongo, na askari wakayabeba kama vielelezo. Mtunza ghala hakungoja gari liondoke. Aliinama chini ya meza, akanyanyua cherehani yake kwa mikono miwili, akairudisha mwisho wa rafu.

Ilibaki kanuni moja. Kila anayeingia ghalani lazima aandikwe, na mama yule alikuwa mtu wa kanuni. Alimletea mzee kitabu cha wageni. Mzee alivaa miwani, akapita kurasa mpaka kwenye mstari wake wa mwezi uliopita, wenye duara la wino mwekundu, akausoma. Kisha akashuka mpaka mstari wa leo. Aliandika tarehe na saa, akatia sahihi, na kwenye safu ya sababu ya kuja akaandika neno moja.

Nimeyaona.